Sababu ya Kufungua

Foleni ya masjala ya hospitali ilikuwa imefika mlangoni pale kijana mmoja, shati la bluu limenyooka kwa pasi, alipopenya hadi dirishani.

“Kaka, foleni inaanzia kule,” karani alimwambia.

“Mimi si mgonjwa, dada. Ni fundi wa mfumo mpya.”

“Wote husema hivyo.”

Watu wakacheka, naye akacheka nao. Mchana akamweleza karani huo mfumo, blokcheni: kila faili likifunguliwa, jina la aliyefungua na sababu yake huandikwa papo hapo katika kompyuta za hospitali zote, na mgonjwa hupata ujumbe.

“Na nikikosea?”

“Utaongeza sahihisho chini. Kufuta hakuna, hata kwangu mimi.”

Baada ya miezi minane walikuwa wakiitana laazizi. Ila kila Alhamisi fundi alizima simu. Alhamisi moja karani akamwona koridoni na daktari wa kike, wanacheka. Damu ikamchemka. Akafungua faili la mpenzi wake, ajue daktari huyo ni nani kwake. Penye sababu akaandika: matibabu.

Faili lilisema kifafa, tangu utotoni. Daktari alikuwa akimtibu, basi. Karani alitamani ardhi ipasuke immeze. Jioni fundi akawasha simu, akaona ujumbe wa mfumo, akampigia.

“Umesoma?”

“Nimesoma. Mpenzi, nilidhani...”

“Nilipanga kukwambia Jumapili. Mwezi mzima najizoeza maneno. Umeninyang’anya.”

“Lifute basi jina langu, tuanze upya.”

“Nilishakwambia halifutiki.” Akakata.

Wiki mbili zikapita hawajazungumza. Kila mgonjwa aliyempa asante alimchoma, kwa kuwa siri yake ilikuwa mikononi mwa mwongo. Hatimaye akaenda kwa mkuu wake, akakiri, akapewa onyo la maandishi. Kisha akaongeza mstari chini ya ule wake: Sahihisho. Haikuwa matibabu, ulikuwa wivu. Nisamehe.

Fundi akapiga simu siku hiyohiyo.

“Wewe! Hospitali zote sasa zinajua una wivu.”

“Zijue tu.”

“Fungua faili langu.”

“Sithubutu tena.”

“Nimekupa ruhusa, laazizi. Fungua.”

Penye sababu akaandika: nimeitwa. Penye mtu wa karibu palikuwa na jina la karani mwenyewe. Penye uhusiano, mchumba.

“Mbona hujaniuliza?”

“Nakuuliza sasa. Fikiri vizuri, hili nalo halifutiki.”

Karani aliitazama orodha ya waliofungua faili. Lile neno matibabu lilikuwa palepale, na jina lake ubavuni. Akafuta machozi kwa mkono wa sare.

“Ndiyo,” akasema. “Andika na hiyo.”