Zebaki Kwenye Buti

Nyumba ya Spana ilikuwa na kila kitu cha gari isipokuwa gari lenyewe. Kochi la sebuleni lilikuwa kiti cha nyuma cha teksi. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa mikanda ya usalama iliyoungwa. Kila asubuhi mkewe alijitazama kwenye kioo cha pembeni cha lori, na hakuna aliyeona ajabu.

Kazi ya Spana ilikuwa kuchinja magari mabovu. Aliyafungua, akayakata, akatenga chuma, shaba na bati. Kisha lori la kiwandani lilikuja kuchukua vyuma vikayeyushwe. Yadi yake ilikuwa nyuma ya nyumba, karibu kabisa na mlango wa jikoni. Msaidizi wake aliitwa Kobe, kwa sababu hakuwahi kukimbilia kitu chochote, hata chakula.

Spana alikuwa na binti mmoja. Alikuwa mdogo wa umbo na mkali wa ulimi, basi wakamwita Pilipili. Mkewe alikuwa mjamzito tena. Mimba mbili kabla ya hii zilikuwa zimeharibika, na kila mara Spana alilia kuliko mkewe. Hii ya sasa aliilinda kama yai. Hakumwacha mkewe anyanyue hata ndoo.

"Kaa tu, mke wangu. Kazi yako ni kukaa."

"Kukaa nako kunachosha," mkewe alijibu.

Siku moja ya mapumziko, dada wa mkewe alikuja kuwatembelea. Alikuwa bibi afya, mtu wa kukagua maji, vyoo na masoko. Aliketi kwenye kiti cha teksi, akatazama huku na huku.

"Shemeji, dereva yuko wapi? Nimechoka kusubiri."

"Lipa nauli kwanza, shemeji!" Spana akajibu, na wote wakacheka.

Spana alipenda wageni wanaocheka. Akaingia chumbani, akatoka na kichupa cha dawa kilichokwisha dawa. Ndani yake mlikuwa na kitu kinachong'aa. Akakimimina kwenye sahani. Kilikuwa tone zito, jeupe kama fedha, nalo likakimbia sahani nzima bila kulowesha chochote.

"Baba, nipe! Nipe mimi!" Pilipili akaruka.

Bibi afya hakucheka tena. "Shemeji, hiyo ni zebaki. Irudishe kwenye chupa. Taratibu."

Lakini Pilipili alikuwa amekwisha kuvuta sahani. Tone likaanguka kwenye sakafu ya saruji. Likapasuka, likawa matone mengi madogo, kila moja likakimbilia kwake. Spana akarukia ufagio.

"Usifagie!" bibi afya akapiga kelele.

Alichelewa. Spana alikuwa amefagia mara moja tu, na matone yakawa mengi zaidi. Mengine yaliingia kwenye ufa wa sakafu. Pilipili aliinama kuyaokota, mama yake akamdaka mkono.

"Ninyi wawili, tokeni nje," bibi afya akasema. "Wewe mdogo wangu usikanyage huku. Pitia ukutani. Shemeji, fungua madirisha yote. Funga mlango wa chumbani."

"Kwani kuna nini? Mbona haina hata harufu?"

"Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Zebaki inatoa mvuke. Huuoni, huunusi, lakini unauvuta. Mtu mzima huumia ubongo na figo. Mtoto mdogo ndiye huumia zaidi. Na aliye tumboni huumia kuliko wote."

Spana akafungua dirisha la mwisho. Alikuwa amekataza ndoo ya maji, kumbe sumu ameiweka mwenyewe chini ya kitanda.

Bibi afya akavaa glovu kutoka kwenye mkoba wake wa kazi. Akamwomba Spana tochi, kadi ngumu na utepe wa gundi, ule wa kufungia maboksi. Akaweka tochi chini, karibu na sakafu. Matone yote yakang'aa. Akayasukuma kwa kadi, polepole, mpaka yakaungana. Akayafyonza kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Yale madogo kabisa aliyabandua kwa utepe. Vyote vikaingia kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza. Sahani, ufagio na mkeka uliokuwa pale sakafuni vilifungwa kwenye mfuko mzito.

"Ufagio nao?" Spana akauliza.

"Ufagio ndio wa kwanza. Na chooni humwagi kitu. Utakuwa umetuma sumu kwa jirani."

Nje, mkewe alikuwa amembeba Pilipili, mambo ya ndoo yamesahaulika. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Imekaa humu ndani siku ngapi?"

"Siku nyingi," Spana akasema kwa sauti ndogo. "Niliona ni kitu kizuri."

"Si kila king'aacho ni dhahabu, mume wangu. Nakwenda kwa dada na mtoto wangu. Nitarudi siku nyumba hii na yadi yako vitakapokuwa salama. Si siku moja kabla."

Spana alisimama mlangoni akiwatazama wanavyokwenda, na moyo ulimuuma kama jino.

Kesho yake bibi afya alirudi, akaenda moja kwa moja yadini. Alileta habari njema kwanza. Mama na mtoto walikuwa wamepelekwa hospitali, wakapimwa. Daktari hakuona dalili ya sumu, ila angewapima tena. Spana akashukuru Mungu kwa sauti, Kobe akaitikia amina.

"Sasa nionyesheni," bibi afya akasema. "Zebaki mnaitoa wapi?"

Kobe akamwongoza, polepole, hadi kwenye gari la zamani. Akanyanyua mlango wa buti. Pembeni palikuwa na taa ndogo.

"Ukifungua buti, taa hii inawaka," Kobe akasema. "Sisi tunaing'oa, tunaipiga nyundo, tunachukua shaba. Mara nyingine kinadondoka kile kitu cheupe. Bosi alikipenda, tukamwekea."

"Nani anaiwasha taa? Kuna kitufe cha kubonyeza?"

Wote wawili wakachungulia. Hapakuwa na kitufe.

"Ndani ya taa kuna swichi, kama ncha ya kidole hivi. Ndani yake kuna tone la zebaki. Buti likiinuka, tone linateleza, linaunganisha umeme, taa inawaka. Likishuka, taa inazimika. Magari mengi ya zamani yana swichi hizi, kwenye buti na kwenye boneti."

"Na zile ambazo hatuzivunji?" Spana akauliza.

"Zinakwenda kiwandani na gari. Chuma kikiyeyuka, zebaki inapanda na moshi. Inashuka na mvua, inaingia majini, samaki wanaila. Halafu samaki unamla wewe."

Kobe akakuna kichwa. "Kumbe sumu tunajizungushia wenyewe."

Bibi afya akawafundisha. Kwanza, ondoa waya wa betri. Fungua taa kwa bisibisi, usitumie nyundo. Kata waya, toa swichi ikiwa nzima. Ikikataa kutoka, usiilazimishe. Chukua taa yote. Iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza, mbali na jua na moto. Andika juu yake ZEBAKI, HATARI. Ndoo ikijaa, ofisi ya mazingira itakuja kuichukua. Nguo za kazi zibaki yadini, na mtu aoge kabla ya kuingia ndani.

"Kazi hii inataka mtu asiye na haraka," akamalizia.

Spana akamtazama Kobe. Kobe akatabasamu. Tangu azaliwe alikuwa anachekwa kwa mwendo wake wa kobe, leo ulikuwa sifa. Ikakubaliwa kwamba hakuna gari litakaloguswa na msumeno kabla Kobe hajalimaliza.

Watu wa mazingira walikuja na kipimo cha hewa. Mara ya kwanza wakatikisa vichwa. Ule ufa ulikuwa bado na zebaki. Spana akahamia yadini, akalala ndani ya gari bovu, mbu wakamla. Wakausafisha ufa, Spana akauziba kwa saruji. Walipopima tena, wakasema nyumba ni salama. Spana akazungushia yadi ukuta wa mabati na kujenga bafu dogo mlangoni mwake.

Kisha likaja lori la kiwandani. Dereva alikuwa na haraka, anapiga honi. Magari yote yalikwisha kupakiwa, ndipo Kobe akasema, kwa utaratibu wake:

"Lile jekundu la chini kabisa sijalifungua."

"Swichi moja tu!" dereva akafoka. "Nani ataijua?"

Spana alikuwa amechoka. Mdomo ulikaribia kusema twende. Akamkumbuka Pilipili alivyoinama sakafuni na vidole vyake vidogo.

"Nitaijua mimi," akasema. "Shusha yote."

Dereva akalalamika, akashusha. Kobe akafungua buti la gari jekundu, akatoa swichi nzima. Dereva akaichungulia. Alipoelezwa ni nini, akauliza kama yadi nyingine anazopita nazo zinajua habari hizi.

"Waambie," Spana akasema. "Au walete hapa."

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, analia kwa nguvu. Spana alimwona hospitali kupitia dirisha tu, maana mkewe hakutaka amshike kwa mikono ya yadini. Mkewe hakumwambia lini atarudi, naye aliogopa kuuliza.

Jioni moja alikuwa anatoka bafuni pale yadini, nywele zikidondosha maji, akamwona mkewe amesimama getini. Pilipili alikuwa kando yake. Mkewe alitazama ukuta wa mabati. Akatazama nguo za kazi zilizotundikwa kwenye msumari, na ndoo yenye kifuniko. Akaitazama mikono ya mumewe, mbele na nyuma. Spana aliinyoosha, mtu mzima na ndevu zake, kama anayekaguliwa kucha shuleni.

Mkewe akaifungua khanga aliyombebea mtoto, akamweka kwenye mikono ile.