Mbwa Aliyekatazwa Kunguruma

Kinyozi alikuwa na viti viwili, mashine tatu na maneno elfu. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Nyuma kulikuwa na ua. Huko uani mkewe alipiga pasi nguo za watu tangu asubuhi. Mkewe ni dobi, na shati likitoka mikononi mwake, mwenyewe huogopa kuketi asije akalikunja.

Binti yao wa miaka saba aliitwa Kasuku. Jina hilo alipewa na wateja. Hakunyamaza isipokuwa mdomo ukiwa na chakula, na hata hapo hakunyamaza sana.

Wa nne alikuwa Tofali.

Tofali ni mbwa. Ni aina ile watu huiita pitibuli, dume, mwenye kifua kipana na kichwa kama jina lake. Kaka mkubwa wa kinyozi alimlea tangu udogo. Kisha kaka akapata kazi melini, na meli haichukui mbwa. Akamleta kwa mdogo wake, akasema, "Nakuachia. Mpende." Akaondoka bila kugeuka, maana macho yalikuwa yamemjaa machozi.

Kinyozi alimpenda Tofali. Nalisema hilo mapema, msije mkamhukumu vibaya. Lakini kupenda ni jambo moja, na kujua ni jingine.

Wateja walimwogopa mbwa huyo. Mpiga rangi, aliyekuja kunyolewa kila Ijumaa, alimwogopa kuliko wote.

"Huyo taya zake zikishafunga hazifunguki," alisema. "Zina kufuli ndani."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua!"

Mpiga rangi ni mtu mwema. Ila anajua mambo mengi ambayo si kweli.

Ili wateja wasikimbie, kinyozi alimfunga Tofali uani kwa mnyororo mfupi, asubuhi hadi duka lifungwe. Jioni alimfungua. Hapo Kasuku alimrukia, akamkumbatia, akambusu pua, na siku moja akamvalisha shati la mteja. Mama yake alipiga kelele siku hiyo mpaka jirani akauliza kuna nini. Tofali alivumilia yote.

Kisha, mwezi wa tatu tangu aletwe, mambo yakabadilika. Kasuku alimkumbatia shingoni, na Tofali akanguruma.

"Nguuu."

Kinyozi akavua kandambili, akampiga nayo mgongoni. "Koma! Hapa mtoto hangurumiwi!"

Kesho yake Tofali akanguruma tena. Kandambili ikafanya kazi tena. Baada ya wiki mbili, Tofali hakunguruma kabisa. Kasuku alipomkumbatia, aligeuza uso tu na kujilamba midomo.

"Samaki mkunje angali mbichi," kinyozi aliwaambia wateja wake kwa fahari. "Sasa mbwa wangu ana adabu kuliko ninyi."

"Ana miaka minne huyo," mkewe akajibu kutoka uani. "Samaki gani mbichi?"

Wateja wakacheka.

Ijumaa moja mchana, dobi aliingia ndani kuchukua shuka. Hakukaa hata dakika mbili. Tofali alikuwa amelala kwenye mnyororo wake. Kasuku akaenda, akajilaza juu yake na kumbana shingo kwa mikono yote miwili.

Tofali hakunguruma. Aliuma.

Ule mlio wa mtoto, dobi anasema, hatausahau. Alitoka mbio. Mkono wa gauni la mtoto ulikuwa umechanika. Kwenye mkono wa Kasuku kulikuwa na alama mbili za meno, na damu. Tofali alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani, mkia katikati ya miguu, anatetemeka.

Kinyozi aliacha mashine ikinguruma mezani. Mpiga rangi naye alitoka, kichwa kimenyolewa nusu.

"Wekeni mafuta ya taa!" akapiga kelele.

Dobi alimbeba mwanawe hadi kwenye bomba, akafungulia maji, akachukua sabuni yake ya kufulia na kuosha jeraha. Machozi yalimtoka huku akiosha. Kisha wakaenda zahanati, baba amembeba mtoto, mama amewashika wote wawili, na mpiga rangi nyuma yao na nusu kichwa chake, amebeba viatu vya Kasuku.

Muuguzi alilitazama jeraha. "Mmelipaka nini?"

"Maji na sabuni tu," dobi akasema.

"Vizuri sana, mama. Kwa muda gani?"

"Sikuangalia saa. Dakika tano labda."

"Iwe robo saa, maji yakitiririka. Hebu tuoshe tena." Akaosha. "Mbwa ana chanjo ya kichaa?"

Kinyozi alikuwa na cheti alichoachiwa na kaka yake. Muda wake ulikuwa umepita miezi sita. Hakuwahi kukisoma.

"Basi mtoto anaanza sindano leo," muuguzi akasema. "Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, hakuna dawa. Kwa hiyo hatungoji dalili. Mleteni kila tarehe nitakayoandika, hata kidonda kikipona. Mbwa msimuue wala msimfukuze. Mtengeni na watu. Nitampigia simu daktari wa mifugo aje amwangalie. Atafuatiliwa kwa siku kumi."

Kasuku alichomwa sindano. Alilia, kisha akamsimulia muuguzi habari zote za nyumbani kwao, pamoja na zile zisizotakiwa kusimuliwa.

Nyumbani dobi alimgeukia mumewe. Hakupaza sauti.

"Baba Kasuku, mtoto wangu ni mmoja. Siku kumi zikiisha, mbwa huyu aende."

Kinyozi aliinamisha kichwa. Angempeleka wapi? Mwenye yadi ya vyuma chakavu ndiye pekee aliyewahi kumtaka, na mbwa wa mtu yule hawajui jua wala mkono wa upendo. Lakini hakuweza kubishana na mkewe. Mkono wa mtoto ulikuwa umefungwa bandeji mbele yao.

Kesho yake asubuhi kulisikika hodi. Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu vya mvua na sauti ya taratibu. Hakumkimbilia Tofali. Aliketi kwenye ndoo upande wa pili wa ua, akamtupia vipande vya nyama, na kuzungumza na wenyeji. Mpiga rangi naye alikuwepo. Alikuja, alisema, kumaliza kunyolewa.

"Daktari, niambie ukweli," dobi akasema. "Pitibuli ni hatari?"

"Ukweli nitakupa, dada. Ni mbwa mwenye nguvu nyingi. Zamani watu walimzalisha apigane na mbwa wenzake. Ndiyo maana wengi wao hawaelewani na mbwa wengine. Na mbwa mwenye nguvu akiuma, jeraha ni kubwa. Anayemfuga asilisahau hilo hata siku moja. Lakini huwezi kumjua mbwa kwa kutaja aina yake tu. Mbwa yeyote anaweza kuuma, hata yule mdogo wa kupakatwa. Mara nyingi anayeuma ni yule anayeogopa, anayeumwa, au anayefungwa mchana kutwa."

"Na taya zenye kufuli?" mpiga rangi akauliza.

"Hazina kufuli. Ni taya kama za mbwa wengine, ila zina misuli."

Mpiga rangi alionekana kusikitika kidogo.

"Sasa niambieni," daktari akasema. "Kabla hajauma, alinguruma?"

"Hapana, daktari," kinyozi akasema. Bado fahari ilimbakia kidogo. "Huyu hangurumi kabisa. Nilimwachisha."

"Ulimwachishaje?"

"Kwa kandambili."

Daktari aliitazama kandambili mguuni mwake.

"Ndugu yangu, kule kunguruma ndiko kusema kwake. Alikuwa anasema, tafadhali niacheni. Ukampiga kwa sababu ya kusema. Hofu yake haikuondoka. Kilichoondoka ni onyo tu. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Alianza lini kunguruma?"

"Mwezi uliopita. Kabla ya hapo hakuwahi."

"Mtoto akimshika wapi?"

"Shingoni. Hapa, karibu na masikio."

Daktari alisimama. Alimvalisha Tofali kizuizi cha mdomo, taratibu, akimsemesha. Kisha akainua sikio la kulia.

"Sogea. Mwenye macho haambiwi tazama."

Ndani ya sikio kulikuwa kwekundu, kumevimba, na uchafu mweusi ulikuwa unatoka. Harufu yake ilikuwa mbaya.

"Hili linamuuma siku nyingi," daktari akasema.

Kinyozi alitazama. Kila siku yeye hukunja masikio ya watu ili apitishe mashine nyuma yake. Anaweza kujua kipele kwa kugusa tu. Sikio la mbwa wake mwenyewe hakuwahi kuliinua.

"Alikuwa ananiambia anaumwa," akasema, "nami nikampiga."

Akalia. Akajifuta kwa aproni yake ya kazi, nywele za wateja zikamwingia machoni, akalia zaidi. Mkewe alikuwa na neno "nilikwambia" tayari kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza, akampa leso.

Daktari alisafisha sikio, akatoa dawa ya matone na kuonyesha namna ya kuitia. Kisha akawaeleza mengine. Mnyororo utoke, wamwekee sehemu yake yenye uzio wa waya, kivuli na maji. Atoke kutembea kila siku kwa kamba fupi imara, na kizuizi cha mdomo wakiwa njiani, na asisogezwe karibu na mbwa wengine. Kupigwa basi, akifanya vizuri apewe kipande cha nyama. Ahasiwe. Waulize pia ofisi za serikali, kwa maana mahali pengine pitibuli huhitaji kibali, na pengine haruhusiwi kabisa.

"Na mtoto?" dobi akauliza.

"Mtoto na mbwa wasiachwe peke yao kamwe. Hata dakika moja. Hata mkiwaamini wote wawili."

"Nilikwenda kuchukua shuka tu," dobi akasema kwa sauti ndogo.

"Najua, dada. Wengi huniambia hivyo hivyo."

Siku kumi zikapita. Tofali alikula vizuri, alikunywa maji, alikuwa mzima. Daktari akarudi, akamchanja na kuandika cheti kipya. Kinyozi alikisoma mara mbili. Kisha wote wakamtazama dobi.

"Simfukuzi leo," dobi akasema. "Aliumwa, na sisi hatukumsikiliza. Lakini siwezi kuishi na mbwa bubu. Nitajuaje kama amechoka au anaumwa? Daktari, ataanza tena kusema?"

"Huenda. Maumivu yakiisha na asipoadhibiwa, wengi huanza tena. Kuahidi siwezi."

"Basi nampa mwezi mmoja. Asiposema, atafutiwe nyumba nzuri isiyo na mtoto."

Mwezi huo kinyozi alifanya kazi kuliko siku zote. Alijenga uzio kwa mikono yake. Aliamka mapema kumtembeza Tofali kabla ya kufungua duka. Ndani ya kizuizi cha mdomo aliweka nyama, mpaka Tofali akadhani ni sahani yake na kuingiza pua mwenyewe. Siku ya kwanza walipompita mpiga rangi akipaka ukuta kando ya njia, mpiga rangi alipanda ngazi yake yote mpaka juu. Wiki ya tatu alishuka vipandio viwili. Daktari alimhasi Tofali wiki ya pili, na wateja wote waliposikia walibana magoti.

Kasuku naye alijifunza. Mbwa akila, akilala au akitafuna, haguswi. Asipokuja mwenyewe, hafuatwi. Akija, mama akiwepo, anakunwa kifuani hadi tatu, kisha mkono unaondoka. Akitaka zaidi, ataomba. Akigeuza uso, akijilamba midomo, akikakamaa au weupe wa jicho ukionekana, amesema hapana.

Kasuku alilipenda somo hili mno. Siku moja aliingia dukani, akamtazama mteja usoni.

"Baba, huyu amegeuza uso. Hataki kunyolewa."

Wiki nne zikakaribia kwisha. Masikio ya Tofali yalipona. Alicheza, alilala chali juani, alimwegemea kinyozi miguuni. Lakini hakunguruma. Kinyozi alizihesabu siku zilizobaki. Usiku hakula vizuri.

Siku mbili kabla ya mwezi kutimia, dobi alikuwa akikunja shuka uani, Kasuku pembeni yake. Lango la uzio lilikuwa wazi. Tofali alilala juu ya gunia lake, anatafuna mfupa. Mpira wa Kasuku ukabingirika hadi karibu naye. Kasuku akasahau, watoto husahau. Akaufuata, akainama.

"Nguuu."

Kinyozi alitokea mlangoni, mguu mmoja tayari umetoka kwenye kandambili. Akautazama mguu wake. Akaurudisha ndani.

"Kasuku," mama akasema taratibu. "Unakumbuka?"

Kasuku alishusha mikono. Alirudi nyuma hatua moja, mbili, tatu, bila kukimbia, mpaka akagusa sketi ya mama yake. Tofali akanyamaza. Akaendelea na mfupa wake.

"Mama," Kasuku akanong'ona, "ameniambia!"

"Nimesikia, mwanangu."

Dobi aliweka shuka kando. Alilifunga lango la uzio, akalishika kwa mikono miwili, akamtazama mbwa yule mwenye kichwa kikubwa. Kisha akamgeukia mumewe, aliyesimama mlangoni bila neno hata moja, yeye mwenye maneno elfu.

"Atakaa," akasema.

Akainama kwenye waya.

"Tumekusikia, baba," alimwambia Tofali. "Endelea kula."