Korosho Iliyokuwa Oksijeni

Kengele ya mapumziko ilipogongwa, Sumaia alitoka wa mwisho kama kawaida yake. Wenzake wa darasa la saba waliketi makundi makundi, wakafungua vibakuli vya maharage na vipande vya samaki. Yeye alizunguka nyuma ya darasa, akakaa peke yake akiitazama ghuba ya Tungue. Yeye na bibi yake walikimbia vita kutoka Mbau, na sasa huko Palma, kaskazini mwa Msumbiji, walikohamia, uji wa muhogo ulipikwa jioni tu.

Siku yake ya kwanza shuleni hapo, Chamima aliyekaa naye dawati moja alimkaribisha chakula. Sumaia aliona haya kula chakula ambacho hangeweza kukirudisha. "Nimefunga," alisema. "Nalipa siku zangu za Ramadhani."

Kesho yake alijibu vilevile, na keshokutwa pia. Mwishowe hakuna aliyemkaribisha tena. Wote walimheshimu, lakini hakuna aliyemzoea.

Asubuhi moja mwalimu wao, Professora Amélia, aliingia na bakuli la simbi, vile vikombe vidogo vya pwani, na korosho za kukaanga.

"Leo tutajenga protini," alisema. "Misuli yenu, ngozi, hata nywele, ni kazi ya protini. Protini ni mnyororo, na kila pete yake inaitwa asidi amino. Leo pete ni ninyi."

Aliwapanga mstari. Kila mtoto alishika simbi moja mkono wa kushoto, na simbi na korosho mkono wa kulia. Simbi zilikuwa haidrojeni, korosho zilikuwa oksijeni.

"Huwezi kushikana na mwenzako mikono ikiwa imejaa," alieleza. "Mkono wa kulia wa mmoja utoe korosho na simbi, wa kushoto wa mwenzake utoe simbi. Haidrojeni mbili na oksijeni moja ni maji, hayo yanatoka. Pale mnaposhikana ndipo penye kiungo cha peptidi."

"Professora, Nélio anaitazama oksijeni vibaya," Carimo alisema. Darasa likacheka.

"Chunga yako wewe," Nélio alijibu.

Sumaia alisimama kati ya Chamima na Nélio. Harufu ya korosho ilimjaa puani. Professora alipogeukia ubao, Sumaia aliitia yake kinywani, akaitafuna polepole bila sauti.

Mikono ilishikana mmoja baada ya mwingine, mpaka zamu ikamfikia. Kiganjani mwake mlikuwa na simbi tu.

"Korosho yako iko wapi?" Professora aliuliza.

"Si Nélio huyo," Carimo alidakia. "Sumaia amefunga, angeila vipi?"

"Sijaila," Nélio alisema, lakini vicheko vilimfunika.

"Nélio, kaa pembeni kwanza," Professora alisema.

Nélio alikwenda kusimama ukutani, kichwa chini. Sumaia alimtazama. Upweke ule aliujua vizuri kuliko mtu yeyote mle darasani.

"Nimeila mimi," alisema. "Na sijafunga. Sijafunga hata siku moja. Sina chakula cha kuja nacho."

Chamima akamgeukia.

"Kumbe," Chamima alisema taratibu, "mimi nakuombea dua, mwenzangu una njaa. Leo tunakula wote, na kesho."

Professora alimwomba Nélio radhi, akamrudisha mstarini. Kisha akampa Sumaia korosho nyingine.

"Ukila maharage au samaki," alisema, "tumbo linakata mnyororo wa protini yake, mwili unazichukua pete na kuziunga upya ziwe zako. Pete zikikosekana, mwili haujengeki. Sumaia, uongo wako ulikunyima chakula na wenzako, na leo umemponza asiye na kosa. Mwenye shida aiseme. Na sisi tuliomwona kila siku akikaa bila kula, mimi wa kwanza, tulipaswa kumuuliza."

Sumaia aliweka korosho na simbi bakulini. Nélio aliweka simbi yake, akampa mkono.

"Bado," Professora alisema. "Mnyororo ulionyooka haujawa protini. Hujikunja kwanza, ukapata umbo lake, ndipo ufanye kazi. Haya, jikunjeni."

Wakajikunja wakisukumana katikati ya darasa, mpaka Sumaia akajikuta ndani kabisa, amebanwa na mabega ya wenzake kila upande.