Vidonge vya Josiah

Kila siku masomo yalipokwisha, Bijal alikwenda moja kwa moja kwenye duka la dawa la baba yake, Ishwar, mjini Kisii. Alikunywa chai, kisha akaketi mbele ya kompyuta kuandika habari za wateja. Ilikuwa mwaka wa 1996, na maduka mengi mjini bado yalitumia madaftari.

"Kila mgonjwa ana kadi yake," baba yake alimkumbusha mara nyingi, "na jina lake limo pia katika orodha ya dawa za mwezi. Ukibadilisha kadi, badilisha na orodha. Kompyuta haitakufanyia."

Jumatatu moja alifika Nyanchera, mama mkulima kutoka Nyaramba. Mwanawe Josiah alikuwa na ugonjwa wa moyo, akimeza penisilini kila siku.

"Safari hii vidonge vimemdhuru," alisema. "Uso ulimvimba, akawa hawezi kupumua. Daktari amembadilishia dawa, akampa za wiki hii. Karatasi ni hii."

Bijal aliandika dawa mpya kwenye kadi. Nje, wenzake walikuwa wakimwita wakaruke kamba.

"Umebadilisha kote?" baba yake aliuliza.

"Kote, Baba," alijibu, akatoka mbio. Orodha hakuigusa.

Ijumaa, Angwenyi, mfanyakazi wa duka, alifunga dawa kwa kufuata orodha, akampa jirani wa Nyanchera ampelekee. Alasiri Bijal aliiona orodha hiyo, iliyochapishwa, mezani. Josiah: penisilini.

"Baba! Josiah amepelekewa dawa ile ile!"

Ishwar alisoma, akasoma tena. Uso ulimsawijika. "Angwenyi! Unataka kuua mtoto wa watu?"

Angwenyi aliduwaa. "Mzee, mimi nimefuata orodha tu..."

Bijal alitamani kunyamaza, lakini Angwenyi alikuwa akilaumiwa bure. "Si yeye, Baba. Ni mimi. Nilikudanganya. Orodha sikuibadilisha."

Ishwar alichukua dawa mpya na ufunguo wa pikapu, akamwamuru Bijal apande. Njia nzima hadi Nyaramba aliendesha kwa kasi.

Walimkuta Josiah uani akipukuchua mahindi.

"Amemeza?" Bijal alipiga kelele kabla hata ya kusalimu.

"Bado," Nyanchera alijibu kwa mshangao. "Nimeona ni vile vile vyeupe, nikaogopa. Nilitaka kuja kuuliza. Kwani kuna nini?"

Bijal alimweleza yote huku akilia. Nyanchera alikaa chini ghafla, akamvuta mwanawe kifuani. "Mungu wangu! Ningempa na maji kwa mkono wangu mwenyewe!" Ilichukua muda mrefu kabla hajaipokea dawa mpya.

Kesho yake Ishwar alimwomba Angwenyi radhi mbele ya Bijal. Wiki iliyofuata alimwita Ronak, binamu yao aliyesomea kompyuta. Ronak aliitengeneza hivi kwamba dawa ikibadilishwa kwenye kadi, orodha nayo ibadilike papo hapo. Bijal alijaribu mara tatu, na mara zote ikawa sawa.

"Basi sasa sitakosea tena," alisema.

"Utakosea, mwanangu. Sote hukosea," Ishwar alimjibu. "Mashine imetuondolea kazi ya kuandika mara mbili, lakini ukweli utausema wewe. Siku ile ungeniambia hujamaliza, ningemalizia mimi, na mama wa watu asingepata hofu ile."