Kidole Gumba cha Seremala

Ubao wa kwanza kukataa kulia ulikuwa wa kabati la mwalimu mmoja msumbufu, na seremala alidhani ni unyevu tu. Aliugonga kwa kifundo cha kidole, kama alivyogonga mbao kwa miaka ishirini na miwili, akatega sikio. Ubao ukatoa sauti fupi, nzito, kama mtu anayeguna huku amezibwa mdomo. Akauweka kando, akachukua wa pili. Nao vilevile. Wa tatu aliujua vizuri, ulikuwa umekauka darini mwaka mzima, ubao ambao ukiugusa tu unaimba. Akaugonga.

Nduu.

"Leo mbao zimekufa," alijisemea, akajilazimisha kucheka.

Kicheko hakikufika mbali, maana ile sauti aliijua. Alikuwa ameitengeneza yeye mwenyewe siku sita zilizopita, kwa kidole gumba cha mkono wake wa kushoto, mbele ya mwanamke aliyemwamini.

Ilikuwa hivi. Seremala alikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka kumi na sita, mwenye mikono mirefu na maneno machache, na huyo binti alikuwa amependa mchezo ambao baba yake hakuwahi hata kuuota: kulenga shabaha kwa upinde wa kizamani. Si ule wa kisasa wenye vigurudumu na vioo. Mti mmoja mrefu, ugwe mmoja, na jicho lako, basi. Klabu yao ilikutana kwenye uwanja nyuma ya kiwanda cha matofali, na upinde wa kuazima aliokuwa akiutumia ulishakuwa mfupi, ulimfikia kidevuni. Upinde wa namna hiyo unatakiwa ulingane na mwenyewe, ukisimama naye bega kwa bega, la sivyo ukiuvuta sana unakatika. Mashindano yalibaki wiki mbili.

"Baba, wowote tu," alimwambia. "Hata wa bei ya chini."

Mtoto asiyeomba akiomba, mzazi hana pa kujificha. Seremala akampeleka kwa mjane wa Fundi Taratibu. Fundi huyo alipewa jina hilo kwa sababu upinde mmoja ulimchukua miezi minne, na mteja akilalamika alimwambia akanunue fimbo. Kifua kilikuwa kimemuua miezi miwili iliyopita. Ukutani kwenye karakana yake zilibaki pinde tano.

Walichagua kama watu wasiotaka kuonyesha mfuko. Wa kwanza ulikuwa mgumu mno, binti aliuvuta mpaka mishipa ya shingo ikatokeza na ugwe ukagoma katikati. Wa pili ulikuwa na kifundo cha mti kwenye nusu yake ya juu, ungevuta upande. Wa tatu mzuri, lakini mfupi. Wa nne mtu aliuacha umefungwa ugwe msimu mzima, ukajipinda na kuzoea kupinda, na upinde uliozoea kupinda hauna nguvu ya kurudi.

Wa tano, ugwe ulifika kwenye kona ya mdomo wa binti bila hata kutetemeka. Aliurudisha polepole, maana ugwe hauachiwi bila mshale, akamtazama baba yake. Uso ulisema yote.

"Huo ndio wa mwisho wake," mjane alisema. "Alikuwa anapiga randa anakohoa, anapiga randa anakohoa. Alipoumaliza akaniambia, mke wangu, huu ndio niliokuwa nautafuta siku zote."

Akataja bei. Ilikuwa bei ya haki kabisa, na ilikuwa mara mbili ya alichokuwa nacho seremala.

Hapo ndipo alipoharibu. Aliuchukua ule upinde, akaupeleka dirishani, akaukunjia uso. Tumboni mwa upinde, upande unaomtazama mvutaji, ulipita mstari mweusi mwembamba, mshipa wa mti wa kawaida tu, ambao hata mwanafunzi wake wa wiki ya kwanza asingeuogopa.

"Shemeji," alisema kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyokuja kumwaibisha kuliko yote, "sijui nikwambieje. Huu una ufa."

"Ufa? Mbona binti kauvuta vizuri?"

"Ni bahati yake. Sikiliza mwenyewe." Akagonga ule wa tatu, ukalia kama kengele ndogo. Kisha akaushika wa tano, akakandamiza kidole gumba upande wa chini ambako mjane haoni, akagonga. Nduu. "Umesikia? Umekufa ndani. Siku moja utampasukia mtu usoni."

Nani angembishia? Seremala akisema ubao mbovu, watu husikia kama wanavyomsikia daktari. Aliuchukua kwa bei ya ule mbaya kuliko zote, eti ataurekebisha mtoto ajifunzie.

Mjane hakubisha hata kidogo. Alikaa kwenye benchi la marehemu akashika magoti. "Kumbe mikono ilishamwacha," alisema. "Na aliponiuliza, nikamwambia ni mzuri. Nikamdanganya mgonjwa bila kujua."

Njiani seremala alijiambia ni kwa ajili ya mtoto. Alijiambia mara nyingi, mpaka wakafika nyumbani.

Sasa mbao zake zilikuwa zimekufa sauti. Siku iliyofuata nyundo nayo. Alipiga msumari, msumari ukaingia, lakini ule mlio unaojaza karakana na kuwaudhi majirani haukutoka. Aliangalia nyundo, akaangalia msumari, na juu ya benchi lake, kwenye vumbi la mbao, akaona alama ya kidole gumba. Aliweka chake juu yake kupima. Ile alama ilikizidi pande zote.

Akaifuta kwa kiganja, akarudi nyumbani mapema.

Nyumbani mkewe alikuwa anakoroga chai, na kijiko kilizunguka kikombeni kimya kana kwamba kikombe ni cha pamba. "Baba watoto," alisema bila kuinua macho, "unasikia harufu?"

Alikuwa ameisikia tangu mlangoni. Maranda mabichi, na chini yake dawa ya kupaka kifuani, ile kali inayochoma pua. Karakana yake haikuwa na mti mbichi, na ndani ya nyumba hakuna aliyekuwa na kifua.

"Labda nguo zangu," alisema.

"Nguo zako nimezifua mimi."

Alhamisi alikwenda uwanjani kumtazama binti, na jua lilikuwa bado juu, wenzake wanataniana, kocha anapigia watu kelele za viwiko, dunia nzima iko salama, mpaka binti alipousimamisha ule upinde, akavuta, akaachia, na ugwe usilie, na mshale ukapita usivume, ukafika kwenye shabaha katikati kabisa ukazama pasipo hata kishindo, na watoto wote kumi na wawili wakanyamaza kwa pamoja, kisha mmoja akauliza kwa kicheko cha wasiwasi, "Wewe, huo mmeununua kwa nani?" na seremala, aliyesimama mbali, akaona juu ya mti ule, chini kidogo ya mkono wa mwanawe, pale hasa alipokuwa amekandamiza yeye, mti ukibonyea polepole, kama kitu kisichoonekana kinaukamata na hakitaki kuuachia.

Jioni hiyo sauti ya binti ilififia. "Koo limekauka tu," alisema, na maneno yalitoka mafupi, mazito, bila mlio. Mama yake akamsogeza kwenye taa. Shingoni, juu ya koromeo, palikuwa na alama ya duara, nyekundu kidogo, pana kuliko ya mtu yeyote wa nyumba ile.

Seremala alikaa chini.

"Baba," binti alisema kwa ile sauti iliyozibwa, "mimi nilikiona kidole chako. Siku ile. Nilikiona, nikanyamaza kwa sababu niliutaka."

Ndipo mkewe akajua habari yote, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Asubuhi akamfungia mumewe shuka begani akampeleka kwa mtabibu, mama mmoja mnene aliyewahi kuwa mkunga, ambaye walimkuta anapanga vitambaa kwenye kamba na hakuacha kuvipanga.

"Ubani ninao," alisema baada ya kusikiliza, "na dawa za kuchoma ninazo, na hela yako ningeipenda. Lakini huyu hataki moshi. Mtu akikaa na mti miaka arobaini, hakai peke yake. Kuna aliyekuwa anakaa chini ya benchi la yule fundi, anasikiliza. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake, mlio wa mti mzuri. Wewe ukamziba masikio, halafu ukasema mbele ya mwenye nyumba kwamba mti hauna mlio."

"Nitamlipa mjane. Nitalipa mara mbili."

"Lipa, ni haki yake. Lakini jini hana mfuko." Alibana kitambaa cha mwisho, akamgeukia. "Ulitoa neno pale. Lirudishe palepale, kwa huyohuyo, likiwa uchi. Usilivishe chochote. Umenisikia, fundi? Usilipambe."

Alikwenda siku ileile, na upinde, na pesa alizokopa kwa shemeji yake upande wa mke. Njia nzima alirudia maneno kimoyomoyo: nilikudanganya, nilikudanganya.

Mjane alimkaribisha kwa furaha ya mtu asiyetembelewa. Karakana ilikuwa tupu. Ukuta mtupu, benchi limefunikwa, na uani palikuwa na rundo kubwa la majivu.

"Ile miti aliyokuwa ameiandaa," mjane alisema alipomwona anayatazama. "Mingine ilikuwa na miaka sita inakauka. Nikasema kama mkono wake ulimwacha kwenye ule mmoja, na hii itakuwa imeharibika. Nisije nikamuuzia mtu kitu cha kumpasukia. Nimeichoma yote, na zile pinde nne. Ulinisaidia sana, shemeji."

Seremala alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, ulimini, uchi kama alivyoambiwa. Akaona yale majivu, akauona uso ule unaomshukuru, na akalivisha.

"Shemeji, nilikosea," alisema. "Nimeuangalia tena vizuri. Hauna ufa. Macho tu. Uzee."

Alimwekea pesa zote juu ya benchi. Mjane hakuzitazama. Aliuchukua upinde kwa mikono miwili, akaugonga kwa kifundo cha kidole, na upinde ukalia, mlio mrefu, safi, uliojaa karakana nzima na kutoka mpaka uani. Akagonga tena. Akaanza kulia machozi.

"Basi sikumdanganya," alisema. "Niachie mpaka kesho, nisikilize kidogo. Kesho binti aje auchukue."

Nani angemkatalia? Seremala alirudi nyumbani mwepesi. Alipita karakanani, akagonga ubao wa mwalimu, ukaimba. Nyumbani kijiko cha mkewe kilisikika tangu nje, na binti alikuwa anaimba jikoni, alama ya shingoni imefifia, sauti imerudi yote. Alikaa mezani akaomba chai, na aibu ikaanza kumwachia bega moja baada ya jingine.

"Ulimwambia?" mkewe alimnong'oneza. "Ulimwambia kwamba ulimdanganya?"

"Nimemwambia."

Ile harufu ya dawa ya kifua ikaingia kabla hajafunga mdomo.

Jikoni wimbo ulikatika. Haukukatika kama mtu aliyeacha kuimba. Waligeuka wakamwona binti amesimama mlangoni, mdomo unafunguka na kufungika, macho yamemtoka, mikono shingoni anabandua kitu kisichobanduka, na hakuna sauti hata ya pumzi. Mkewe alimrukia mtoto. Seremala alikuwa ameshatoka nje bila viatu.

Alikimbia na jua linazama, akapita maduka yanayofungwa, akapita kiwanda cha matofali, akagonga watu mabega wakamtukana na matusi hayakumfikia, na miguu yake mitupu ilipiga changarawe bila kusikika, na akajua kwamba anakimbia ndani ya kiganja cha mtu, lakini aliendelea, maana neno alikuwa nalo sasa, zima, halina nguo, na alikuwa tayari kulisema mbele ya mji wote mradi mtoto apumue.

Alifika kwenye mlango wa mjane, akaupiga kwa ngumi mbili.

Mlango haukulia.

Akaupiga kwa bega, akaupiga kwa paji la uso. Akapiga kelele, "Nilikudanganya! Shemeji, nilikudanganya!" na koo lilimuuma kwa nguvu za kelele ile, na haikutoka hata sauti ya inzi. Juu ya koromeo lake mwenyewe alihisi kidole kipana, baridi, kimetulia bila haraka.

Dirisha lilikuwa limefungwa na pazia limeshushwa. Ndani, mjane alikuwa anagonga upinde wa mumewe, anasubiri mlio uishe, anagonga tena. Na seremala aliusikia wote, vizuri kabisa.