Moshi Ndani ya Mafuta ya Mako

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Fathia huwasha mashine ya kukamua mafuta. Mashine yenyewe si kubwa. Iko nyuma ya duka lao, karibu na soko la Isiolo. Simsim huingia kwa juu. Mafuta hutoka kando, polepole, yakiwa na rangi ya asali. Makapi hutoka upande wa pili, na mbuzi wa jirani huyangojea.

Fathia hukamua. Siku zile mama yake, Mako, alikuwa akiyatia mafuta kwenye vibuyu, yakae humo kabla ya kuwekwa kwenye chupa za kuuza. Kazi hii ya pili Mako hakumwachia mtu.

Mako ni mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kuamuru. Babu yake alikuwa Msomali, askari wa zamani za ukoloni, aliyemaliza vita akabaki Isiolo. "Sisi tulifika hapa kwa miguu," Mako hupenda kusema, kana kwamba na yeye alikuwepo. Lakini kitu kinachomfanya aringe zaidi ni vibuyu vyake.

Kibuyu anakiosha na kukianika. Kisha anachukua kijiti cha mzaituni mwitu kinachowaka, anakitia ndani na kufunika. Moshi unazunguka humo mpaka ukuta wa kibuyu unakuwa mweusi na kung'aa. Mwishoni anapangusa masizi kwa kitambaa. Wafugaji wengi wa Isiolo hufanya hivyo kwa vyombo vya maziwa. Maziwa hukaa zaidi bila kuharibika, na huwa na harufu nzuri. Mako alitia moshi vibuyu vya maziwa, na vya mafuta pia.

"Maziwa bila moshi ni maji," alikuwa akisema. "Na mafuta ni vivyo hivyo."

Zamani watu walinunua mafuta hayo kwa ajili ya nywele na visigino vilivyopasuka. Hakuna aliyelalamika. Siku hizi wasichana wameona kwenye simu kwamba mafuta ya mimea hulainisha uso. Walianza kuja dukani kuyauliza. Fathia alifurahi. Akaandika kwenye ubao wa mlangoni: MAFUTA YA MAKO. YA ASILI. SAFI KWA USO.

Asubuhi moja, Ganya aliingia dukani. Ganya ni Mborana, na huuza maziwa ya ngamia pale sokoni. Nyuma yake alikuja Dahabo, binti wa kaka yake. Dahabo alikuwa amejifunika uso kwa shela.

"Salaam aleikum," alisema Ganya.

"Aleikum salaam. Karibuni, kaeni."

"Sikuja kukaa. Dahabo, toa shela."

Dahabo akatoa. Mashavu yake yalikuwa yamevimba na kujaa vipele vidogo. Kando ya pua ngozi ilikuwa imekuwa nyeusi zaidi na kuanza kubanduka.

"Haya, Fathia," Ganya alisema. "Niambie. Umemuuzia huyu mtoto mafuta au pilipili?"

"Ya Rabi! Dahabo, yanauma?"

"Yanawasha," alisema Dahabo. "Nikienda kwa jua yanachoma kama moto."

"Harusi ni mwezi ujao," Ganya aliendelea. "Watu wa bwana wanatoka Merti na magari mazima. Wataniuliza, bibi harusi amefanya nini uso? Mimi sitadanganya. Nitasema ni mafuta ya Mako." Akafungua chupa aliyokuja nayo, akanusa. "Na haya mafuta yenu yanavuta sigara? Yananuka moshi kuliko jiko langu!"

Mako alikuwa amekaa ndani, kwenye kona. Alisimama.

"Wewe Ganya, maziwa yako unauza na moshi gani? Si huu huu?"

"Maziwa yangu hayajachoma mtu uso."

"Na mafuta yangu hayajadhuru mtu tangu uzaliwe!"

"Hooyo, tafadhali, keti," Fathia alimwambia mama yake. Alimwangalia tena Dahabo. Kugombana hakungeponya uso ule. Tena, kama mafuta yalikuwa na kasoro, chupa nyingine zilikuwa tayari nyumbani kwa watu. Ilibidi ajue ukweli. Akaenda kumwita Akal.

Akal ni Mturkana, jirani wa nyuma ya duka. Amesomea uuguzi na anafanya kazi katika kliniki ya ngozi. Siku hiyo alikuwa nyumbani, anafua. Alikausha mikono, akaja, akamkalisha Dahabo mahali penye mwanga.

"Habari yako, Dahabo. Ulianza lini kupaka?"

"Baada ya Idd."

"Kabla ya hapo uso ulikuwa sawa?"

"Sawa kabisa."

"Umebadilisha sabuni? Umepaka krimu nyingine? Umechanganya na ndimu au manjano?"

"Hapana. Nilinawa tu kwa maji na kupaka mafuta."

"Kiasi gani?"

Dahabo akakunja kiganja. "Hivi. Nikajaza."

"Kiganja kizima! Hayo yanatosha kukaanga yai," alisema Akal. Hata Ganya alicheka kidogo.

Akal alimimina mafuta kwenye sahani nyeupe. Akayanusa. Akayaangalia kwa mwanga. Vitone vyeusi vidogo vilikuwa vimezama chini.

"Mama Mako, chombo chake unakitayarishaje?"

Mako alieleza kwa fahari, hatua kwa hatua, kuanzia kukata kijiti mpaka kupangusa masizi. Akal alisikiliza bila kumkatiza.

"Ninashuku moshi," alisema mwishowe. "Lakini kushuku si kujua. Tutapima. Kwanza uso upumzike. Dahabo, acha mafuta haya yote. Nawa kwa maji na sabuni isiyo na harufu. Usikune, usitumbue vipele, jifunike ukienda juani. Na usikimbilie krimu za kuchubua. Nyingine zina dawa kali ndani, na zitakuharibu zaidi. Macho yakivimba, au ngozi ikitoa maji, njoo kliniki mara moja. Usingoje."

"Na harusi?" Ganya aliuliza.

"Ngozi haijui tarehe ya harusi, mama. Lakini isipochokozwa, huwa inapona."

Uso ulipotulia, Dahabo alirudi pamoja na shangazi yake. Akal alikuja na kalamu. Alichora duara mbili ndani ya mikono ya Dahabo, karibu na kiwiko. Katika mkono wa kushoto alipaka tone la mafuta yaliyotoka kwenye mashine wakati huohuo. Katika mkono wa kulia alipaka tone la mafuta ya kibuyu.

"Hivyo ndivyo kila mtu anatakiwa kupima mafuta mapya," alisema. "Ndani ya mkono kwanza, siku kadhaa mfululizo, mahali palepale. Uso baadaye. Kuna watu ambao miili yao inaikataa simsim yenyewe, hata ikiwa safi. Mtu ambaye akila simsim anawashwa au anavimba asiipake kabisa."

Mako akakunja mikono ya dera lake. "Na mimi nipake. Kushoto na kulia. Mafuta ni yangu."

Akal akampaka, akawaachia wote wawili mafuta ya kurudia kila siku.

Siku kadhaa baadaye walikutana tena dukani. Mako alikuwa wa kwanza kunyoosha mikono. Ilikuwa safi yote miwili.

"Mmeona?" alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Kulia, moshi. Kushoto, hakuna moshi. Hakuna kitu! Ganya, omba msamaha."

"Ngoja kwanza," alisema Ganya. "Dahabo, toa mikono."

Mkono wa kushoto ulikuwa laini. Wa kulia, ndani ya duara, ulikuwa umejaa vipele vidogo, na umevimba kidogo.

Mako alisogea. Aliushika mkono ule, akaugeuza kwenye mwanga. Alipitisha kidole juu ya vipele.

"Ngozi za watu si sawa," Akal alieleza. "Yako, Mama Mako, imezoea moshi tangu utoto. Lakini unawauzia watu wote, si wewe peke yako. Na ngozi ya uso ni nyembamba kuliko ya kisigino."

"Lakini maziwa ya kibuyu hichohicho tunakunywa," alisema Mako. Safari hii hakubisha. Aliuliza. "Kwa nini maziwa sawa, mafuta si sawa?"

"Nikuulize swali. Barabara ya Moyale ilipokuwa ikiwekwa lami, watoto walikuja nyumbani na lami mikononi. Uliitoa na nini? Na maji?"

"Maji!" Mako alicheka. "Maji hayatoi lami. Unapaka mafuta ya kupikia, unasugua, inatoka yote. Mafuta ndiyo yanayobeba…"

Aliangalia kibuyu kilichokuwa rafuni, cheusi na kinachong'aa ndani.

"Moshi una lami," alisema polepole. "Ule weusi wa ndani ni lami."

"Ndiyo. Maziwa, sehemu yake kubwa ni maji. Yanachukua harufu tu na kidogo sana ya lami. Tena hayakai humo muda mrefu. Mafuta yanakaa kwenye kibuyu wiki nzima, yakiivuta ile lami. Halafu Dahabo anayapaka na kulala nayo."

Ganya alikuwa ameshinda, lakini hakuringa. Alikuwa akimtazama Mako.

Mako alivaa viatu vyake.

"Hooyo, unaenda wapi?" Fathia aliuliza.

"Sokoni. Nani amenunua mafuta ya uso? Wote nawajua. Nitawaambia mimi mwenyewe, kabla ya mtu mwingine. Warudishe, wapewe mengine bure. Jina lililoandikwa kwenye chupa ni langu."

Aliondoka kichwa juu. Ganya alimtazama akivuka barabara. "Huyo kweli ni mjukuu wa askari," alisema.

Dahabo alibaki na Akal. "Sasa nipake nini? Rafiki yangu anatumia ya nazi. Mwingine anasema zaituni. Na yote ni ya asili."

"Neno asili peke yake halikuambii kitu. Hata upupu ni wa asili, jipake uone! Anza na ngozi yako. Ukinawa na kukaa bila kupaka kitu, uso unafanya nini?"

"Unakaza. Unakuwa mkavu, unapauka."

"Basi mafuta yatakusaidia. Simsim safi itakufaa, maana mkono wako wa kushoto umeikubali. Mtu mwenye uso wa mafuta na chunusi aende pole. Mafuta ya nazi ni mazito kwa uso wa namna hiyo, huziba vitundu vya ngozi. Na ya zaituni huwaletea wengi chunusi zaidi. Mwingine hahitaji mafuta yoyote."

"Na ya mashine, nitajuaje ni mazuri?"

Fathia alijibu hilo mwenyewe. "Nusa. Simsim mpya inanukia simsim. Ikinuka kama karanga za zamani, imeharibika, usiipake. Na usinunue chupa iliyokaa juani dirishani."

"Wewe si unaziweka dirishani?" Ganya alimchokoza.

Fathia alienda dirishani, akaziondoa chupa zote, huku Ganya akicheka.

"Nawa uso kwanza," Akal alimalizia. "Ukiwa bado na unyevu, chukua matone mawili au matatu, siyo kiganja. Sugua mikononi, kisha bonyeza usoni polepole. Mafuta yanazuia maji yasitoke kwenye ngozi. Kazi yake ni hiyo. Hayaponyi kidonda, hayabadilishi rangi, na hayakingi jua. Mchana, jua la hapa unalijua. Jifunike, au utumie losheni ya kukinga jua."

Tangu siku hiyo duka lilibadilika. Fathia alinunua chupa za kioo za rangi ya kahawia, ambazo hazipitishi mwanga mwingi. Anaziosha kwa maji moto na kuzikausha kabisa kabla ya kutia mafuta. Kila chupa ina tarehe ya kukamuliwa. Kila mnunuzi anaelezwa kupima ndani ya mkono kwanza. Kwenye ubao alifuta maneno YA ASILI. Akaandika: PIMA KWANZA. TUTAKUELEZA. Mafuta ya zamani yaliyorudishwa Mako aliyatumia kulainisha kamba za ngozi. Vibuyu vya mafuta alivisugua, akavirudisha kwenye kazi ya maziwa.

Siku ya harusi, magari ya Merti yalifika yakiwa yamejaa. Wanawake waliingia chumba cha bibi harusi wakiimba. Dahabo alikaa katikati, mikono yake imechorwa hina. Uso wake ulikuwa laini, bila kipele hata kimoja. Ngozi yake ilikuwa rangi yake mwenyewe.

Mako alikuwa akigawa maziwa ya ngamia ya Ganya, yaliyotiwa kwenye kibuyu chake kikubwa. Mama mmoja wa Merti alikunywa, akafumba macho.

"Huu moshi ni wa nani?"

"Ni wangu," alisema Mako.

"Moshi wa mtu anayejua kazi." Mgeni alimgeukia Dahabo, akamshika kidevu na kuutazama uso wake. "Na huyu mtoto mnampaka nini?"

Ganya akawahi kujibu. "Simsim ya huyu huyu Mako. Isiolo yote wanaijua."

Mgeni aliinama, akanusa shavu la Dahabo. Alishangaa. "Mbona hii hainuki moshi hata kidogo?"

Mako alimtazama Ganya. Ganya alikuwa tayari ameziba mdomo kwa mkono, mabega yanatikisika.

"Mafuta yangu yaliacha kuvuta sigara," alisema Mako, akainua kibuyu na kumjazia mgeni kikombe cha pili.