Sauti ya Lachie

Rafiki yangu Lorna, mtengenezaji wa michezo ya kompyuta huko Brisbane, Australia, aliamriwa mchana mmoja na bosi wake, Gavin, kufuta mchezo uliositishwa kabla haujauzwa. Kwa kuwa waigizaji hawakuwa wameajiriwa bado, mtoto wa mchezoni alipewa sauti ya Lachie, mwanawe, aliyefariki Januari. Lorna hakuwa na nakala nyingine ya sauti hiyo.

"Gavin, niachie sauti yake tu."

"Mali ya kampuni hiyo. Utafuta mwenyewe, au nimwite fundi Trev afute huku anatafuna pai yake?"

Lorna akafuta. Gavin akang'oa waya wa umeme wa kompyuta na spika, akazima taa, akaenda zake. Chumba hakikuwa na dirisha. Gizani, spika ikakwaruza, kisha Lachie akasema maneno ambayo hawakuwahi kuyarekodi:

"Mama, mbona umekubali?"